Mficha dawa hana tofauti na mficha maradhi

WAHENGA walituachia onyo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuachia methali juu ya mficha dawa, yamkini kwa sababu katika enzi zao dawa haikuwa na wa kufichwa. Mganga alijulikana, mti wake ulijulikana, na jamaa walikuwapo mgonjwa akinyweshwa. Leo mgonjwa mmoja aghalabu ana matabibu wawili ambao hawajapata kuonana, na kila aendapo kwa mmoja humficha habari za yule mwingine. Ufichaji huo una madhara katika magonjwa mengi, lakini katika kifafa madhara yake ni makubwa mno.

Makala haya yanamhusu mtu mwenye kifafa anayemeza vidonge vya hospitali asubuhi na jioni na, papo hapo, anakunywa mitishamba, au unga, au mafuta, au vile vidonge vya mikebe vinavyoitwa virutubisho vya asili. Sikusudii kuamua kati ya hospitali na mganga. Mjadala huo umewachosha watu tangu enzi za ukoloni na haujamwepusha mgonjwa yeyote na kuanguka hata mara moja. Fauka ya hayo, udaktari wangu ni wa isimu, si wa tiba. Sina idhini ya kumwandikia mtu hata kidonge cha maumivu ya kichwa. Hata hivyo, nikiyatazama mambo haya kwa jicho la mwanaisimu, naona kwamba sehemu kubwa ya hatari imo katika maneno: swali linavyoulizwa, jibu linavyotolewa, na yale yanayopita kimya baina ya viti viwili.

Hebu kwanza tupime ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na kwamba karibu asilimia 80 yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Shirika hilo linasema pia kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangechunguzwa na kutibiwa ipasavyo. Sasa twende Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI na washirika wao wamechunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi. Utafiti wao mmoja uliochapishwa mwaka 2012 ulipima damu za wenye kifafa ili kujua ni nani aliye na dawa mwilini. Takriban watu 6 kati ya 10 hawakuwa nayo. Miongoni mwa mambo yaliyoandamana na ukosefu huo ni kuishi zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, gharama ya dawa, imani za jadi, na mtazamo hasi juu ya tiba ya hospitali.

Ni kosa kudhani kwamba asiyekutwa na kidonge damuni hana tiba yoyote. Huenda anayo, ila si ile iliyopimwa. Uchunguzi mwingine wa huko huko Pwani, uliochapishwa mwaka 2008, ulishughulika na waganga wenyewe, ukabaini kwamba wana nafasi kubwa katika kuwahudumia wenye kifafa, na ukapendekeza pawe na mawasiliano baina yao na wahudumu wa hospitali. Tuzingatie neno hilo, mawasiliano. Watafiti wa tiba walikwenda kutafuta ugonjwa, wakarudi na tatizo la lugha.

Lugha zetu zina historia ndefu na kifafa. Msemaji wa Kiswahili husikia kitenzi kufa ndani ya jina hilo, na si ajabu basi kwamba aangukaye njiani huonekana na watazamaji kama mtu aliyekufa akafufuka. Mtoto anapotukutika kwa homa tunasema ana degedege, au ana dege, na neno hilo linatukumbusha ndege. Wagiriama nao husema nyuni, ambaye ni ndege pia. Katika neno moja mna nadharia nzima ya chanzo cha ugonjwa: kuna kitu kimetoka nje, kimemtwaa mtoto, na hakina budi kufukuzwa. Mzazi aliyelelewa ndani ya maneno hayo akipewa fenobabitoni hospitalini hataikataa. Ataipokea kwa ajili ya kule kutukutika. Lakini kwa ajili ya ndege atakwenda kwingine. Machoni pake hapana ukinzani wowote, kwa kuwa kila tabibu amepewa sehemu yake ya kazi. Anayemwita mzazi huyo mjinga hajamsikiliza.

Tulitazame sasa neno dawa lenyewe. Tulilipata kutoka Kiarabu, tukalipanua hata likafunika karibu kila kitu kiondoacho tatizo. Tuna dawa ya meno, dawa ya mbu na dawa ya mapenzi, na wahenga wakatuambia kwamba dawa ya moto ni moto na dawa ya deni ni kulipa. Kwa upana huo, mtu angetarajia kwamba daktari akiuliza, "Unatumia dawa nyingine?", mgonjwa atataja kila kitu. Kinyume chake ndicho hutokea. Ndani ya chumba cha daktari neno hilo husinyaa. Mbele ya koti jeupe, dawa ni kile kilichoandikwa kwenye kadi na kutolewa dirishani. Majani yaliyochemshwa ni majani. Unga unaotiwa katika uji ni unga. Mafuta ya kujipaka ni mafuta. Na vile vidonge vya mkebe alivyonunua kwa mchuuzi katika kituo cha matatu, aliambiwa si dawa bali ni lishe, na mkebe wenyewe umeandikwa hivyo. Basi mgonjwa hujibu, "La, daktari, situmii," na kwa mujibu wa sarufi ya chumba kile hajasema uongo.

Pamoja na hayo kuna hofu. Yapo maeneo ambako mgonjwa akitaja mganga hukemewa mbele ya foleni nzima, na aliyekemewa mara moja hasemi mara ya pili. Upande wa pili hali si bora. Yupo mtabibu wa mitishamba anayemwambia mgonjwa kwamba vidonge vitaiharibu dawa yake, naye mgonjwa, kwa adabu, hukubali kwa kichwa na kuendelea kuvimeza kwa siri, au huviacha kwa siri. Matokeo ni kwamba amewanyamazia wote wawili, na mwili wake pekee ndio unaoijua hesabu kamili.

Je, ndani ya mwili hutokea nini? Ili kidonge cha kifafa kifanye kazi, kiasi chake katika damu hakina budi kukaa baina ya mipaka miwili. Kikipungua, mgonjwa huanguka. Kikizidi, huyumba kama mlevi, huona vitu viwili viwili, na kusinzia mchana kutwa. Mwenye kazi kubwa ya kuvunjavunja dawa nyingi za kifafa, ili mwili upate kuzitoa, ni ini. Na ini halijui kipi kimetoka hospitalini na kipi kimetoka msituni. Vyote hupita katika mlango mmoja, na kimoja chaweza kuharakisha au kuchelewesha safari ya mwenzake. Kutokana na ukweli huo sahili, mitishamba yaweza kumdhuru mwenye kifafa kwa njia kadhaa.

Njia ya kwanza ni kuipunguza dawa ya hospitali. Huko Ulaya na Marekani watu wengi hutumia mmea uitwao Hypericum perforatum, wenye maua ya manjano, kwa ajili ya huzuni na kukosa raha. Mmea huo hulichochea ini kuvunja dawa nyingine kwa kasi kupita kiasi. Mnamo Februari 2000 wakuu wa dawa wa Marekani walitoa onyo baada ya kugundulika kwamba unaishusha mno indinaviri, dawa ya virusi vya ukimwi, na mwaka huo huo Uingereza ilitoa tahadhari iliyozihusisha pia dawa za kifafa. Mfano wa India wapaswa kutugusa zaidi. Mwaka 1992 madaktari wa huko waliripoti juu ya wagonjwa ambao kifafa chao kilikuwa kimetulia kwa fenitoini, kisha kikarudi walipoanza kutumia shankhapushpi, dawa ya jadi ya Kihindi. Ilipojaribiwa kwa panya, kiasi cha fenitoini damuni kilishuka. La kusikitisha ni kwamba shankhapushpi yenyewe hutumiwa kutibu kifafa. Dawa mbili za ugonjwa mmoja zilikutana, ugonjwa ukapata nafuu.

Njia ya pili ni kuizidisha dawa. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba maji ya balungi hupandisha kiasi cha kabamazepini katika damu. Nayo piperini, ile inayoipa pilipili manga ukali wake, imeonyeshwa na watafiti wa India kuwa hupandisha fenitoini. Sisemi kwamba pilau ni hatari. Chembe chache za pilipili manga katika sufuria ya watu kumi si kitu. Lakini piperini hiyo hiyo huongezwa, ikiwa imekolezwa, katika vidonge vingi vya manjano vinavyouzwa kama virutubisho, ili manjano yapenye vyema mwilini. Anayevinunua husoma neno manjano, wala hafikirii pilipili. Tena fenitoini ina tabia ya pekee: ikifika kiwango fulani, nyongeza ndogo tu ya kipimo huleta ongezeko kubwa katika damu. Mwalimu akimwona mwanafunzi anayumba ubaoni na kusinzia kila saa, asiharakishe kumwita mvivu.

Njia ya tatu ni mmea wenyewe kuchochea kifafa. Kafuri ikimezwa huweza kuleta mitukutiko hata kwa mtoto asiye na kifafa, na vivyo hivyo mafuta ya mkaratusi. Mbegu za mti wa ginkgo zina sumu inayoleta mitukutiko. Mafuta ya mwarobaini, mti ambao jina lake linajisifu kutibu maradhi arobaini, yaliwahi kuwadhuru watoto wachanga nchini Malaysia. Madaktari waliandika mwaka 1981 juu ya watoto walionyweshwa mafuta hayo wakapata mitukutiko na kuharibika ini. Na miraa, ambayo wanafunzi wetu huitafuna usiku wakijiandaa kwa mitihani, huondoa usingizi, ilhali kukosa usingizi ni kichochezi kinachojulikana sana cha kifafa.

Njia ya nne ni ya udanganyifu. Mwaka 2000 madaktari wa Hong Kong walieleza habari za mtu aliyelemewa na sumu ya fenitoini baada ya kutumia dawa za Kichina zilizouzwa kama za jadi. Dawa hizo zilipopimwa zilikutwa zimetiwa dawa za kifafa za viwandani. Mtu wa namna hiyo hudhani ameongeza mti juu ya kidonge, kumbe ameongeza kidonge juu ya kidonge. Ndiyo maana "mtishamba" unaomtuliza mgonjwa kwa ghafla na kwa hakika mno unastahili kutiliwa shaka kuliko ule usiofanya lolote.

Wauzaji wana neno moja ambalo hujibu hoja zote hizi: asili. Bidhaa ni ya asili, kwa hiyo haina kemikali, kwa hiyo haina madhara. Mantiki hiyo haivuki hata ua wa nyumba zetu. Muhogo mchungu ni wa asili, na kila mwenyeji wa Pwani anajua kwamba usipoandaliwa vyema unaua. Tumbaku ni ya asili. Sumu ya nyoka ni ya asili. Kiambato kikiwa na nguvu ya kutibu, nguvu hiyo ni kemikali, iwe imetoka katika jani au katika chupa. Na kikiwa hakina kemikali yoyote, basi hakina cha kutibia. Muuzaji na achague moja.

Neno jingine linalopotosha ni kupona. Hospitali haiahidi kwamba kifafa kitapona. Huahidi kukidhibiti, na hata neno kudhibiti mgonjwa hulisikia kama ahadi hafifu. Muuzaji wa barabarani huahidi kukitoa na mizizi yake. Kati ya ahadi hizo mbili, mama aliyechoka kukesha atachagua ipi? Zaidi ya hayo, kifafa kina desturi ya kuja na kupoa chenyewe. Mgonjwa aweza kuanguka mara nne mwezi huu, asianguke tena kwa miezi miwili. Chochote alichokunywa kabla ya utulivu huo ndicho hupata sifa, na kilichokuwapo siku zote hupata lawama. Hapo ndipo vidonge huachwa ghafla. Kuviacha vidonge vya kifafa kwa ghafla, hasa fenobabitoni, kwaweza kuleta mitukutiko mfululizo isiyokatika, na hali hiyo huua.

Msomaji asije akadhani ninawadharau waganga na miti yao. Kwinini ilitoka katika ganda la mti. Artemisinini, inayotuponya malaria leo, ilitoka katika mmea uliotajwa katika vitabu vya tiba vya China ya kale, na mwanasayansi aliyeitoa humo, Tu Youyou, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hata valproati, kidonge cha kifafa kinachojulikana pote duniani, kina mmea ndani ya jina lake: silabi ile ya kwanza imetokana na valeriani, mmea ambao mizizi yake imetumika Ulaya tangu kale kuleta usingizi. Dawa hiyo hutengenezwa kiwandani na haina jani ndani yake, lakini jina limehifadhi ukoo. Na mnamo Juni 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya majimaji ya kanabidioli, kiambato kilichotolewa katika mmea wa bangi, kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni.

Mfano huo wa mwisho una funzo. Kabla ya kuidhinishwa, kanabidioli ilijaribiwa kwa wagonjwa waliokuwa wakiendelea kumeza vidonge vyao. Ikajulikana kwamba inaongeza nguvu ya klobazamu hata mgonjwa akasinzia mno, na kwamba ikiandamana na valproati yaweza kulisumbua ini. Daktari anayeitoa anajua apime nini na apunguze nini. Mmea haukupoteza heshima kwa kupimwa. Uliipata kwa kupimwa. Anayevuta bangi nyuma ya darasa akidai ni dawa ya kifafa, kinyume cha sheria zetu, hana hata moja ya habari hizo.

Tulinganishe na kikombe cha Loliondo. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwamo Wakenya wengi, walifunga safari hadi kijiji cha Samunge nchini Tanzania kunywa dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za nchi hiyo. Dawa ilichemshwa kutokana na mti uitwao mugariga. Kwa bahati njema mti huo si mgeni kwa sayansi: watafiti wa Nigeria walikuwa wamechapisha mwaka 2008 majaribio yaliyoonyesha kwamba dondoo la magamba ya mizizi yake liliwakinga wanyama wa maabara dhidi ya mitukutiko. Lakini kutoka panya hadi mwanadamu ni safari ndefu kuliko ile ya Samunge. Ni kiasi gani kinafaa? Kwa muda gani? Na kikikutana na kabamazepini tumboni, itakuwaje? Katika foleni ile ya magari hapakuwa na wa kuuliza, seuze wa kujibu.

Kwa sasa hospitali na waganga wanaendelea kutupiana maneno, na vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kunguru wetu ni mfanyabiashara asiye mganga wala daktari, anayeuza mkebe sokoni, katika basi, au kwa njia ya simu, na asiyejua wala kutaka kujua mnunuzi anameza nini kingine. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliitambua tiba ya jadi na kutaka iwekewe utaratibu, nayo Bodi ya Dawa na Sumu ina jukumu la kusajili bidhaa za mitishamba. Hayo ni mema. Ila tukumbuke kwamba bidhaa kusajiliwa si sawa na bidhaa kujaribiwa pamoja na vidonge vya kifafa. Sheria yaweza kumkamata mwuzaji wa kitu bandia. Haiwezi kumfungua mgonjwa kinywa.

Kinywa hicho kitafunguliwa na swali lililo bora zaidi. Napendekeza kwamba katika kliniki zetu lile swali la "dawa nyingine" liachwe kabisa, na mahali pake pawe na maswali yanayotaja vitu kwa majina yake ya nyumbani. "Mama, tangu tulipoonana, mtoto amekunywa nini kingine? Kuna majani mliyochemsha? Kuna unga katika uji? Kuna mafuta ya kumpaka, au kitu cha kumfukiza? Kuna vidonge mlivyonunua dukani ambavyo si vya hospitali?" Maswali hayo huchukua dakika moja. Yaulizwe kwa sauti ile ile inayouliza habari za mvua, kwa maana mgonjwa husikiliza sauti kabla ya maneno. Na muuguzi na amwombe mgonjwa aje na mfuko wake wote, kila kitu kilichomo, bila kutarajia kukemewa. Atakayecheka mfuko huo leo hatauona tena.

Mtabibu wa mitishamba naye ana wajibu. Akimpokea mtu mwenye kifafa, amwulize vidonge gani anameza, asimwamuru kuviacha, na amwandikie katika karatasi jina la mti aliompa. Majina yenyewe yahitaji uangalifu. Mti mmoja wa mlonge huitwa pia mzunze na mrongo, kutegemea anayeutaja anatoka wapi. Na jina moja la mshubiri hutumika kwa mimea kadhaa ya jamii moja isiyofanana kwa nguvu. Daktari atajuaje kilichokunywewa ikiwa jina halimfikishi kwenye mti? Hapa wanafunzi wa vyuo vikuu wana kazi inayowangoja. Idara za Kiswahili, za botania na za famasia zimekaa katika majengo yanayotazamana bila kuamkiana. Kamusi ya majina ya miti ya dawa katika lugha zetu, iliyokusanywa kijijini na kuhakikiwa na mwanabotania, ingemsaidia muuguzi wa zahanati kuliko tasnifu nyingi zinazokaa rafuni.

Nimewawekea walimu neno la mwisho, kwa kuwa mtoto mwenye kifafa huwa mikononi mwao muda mwingi kuliko alivyo mikononi mwa daktari. Fomu ya kujiunga na shule ikiwa na nafasi ya dawa anazotumia mwanafunzi, iongezwe mstari wa mitishamba na virutubisho, na mzazi aelezwe kwamba jibu lake halitamfukuzisha mtoto. Mwanafunzi wa bweni arudipo kutoka likizo na chupa aliyopewa na nyanya, matroni asiitupe wala asijifanye hakuiona. Aandike kilichomo na kupeleka habari kliniki. Vidonge visikatizwe kwa sababu shule imefungwa au imefunguliwa. Na mtoto akianguka darasani, aondolewe vitu vya kumwumiza, alazwe ubavu, atazamwe kwa saa. Asitiwe kijiko mdomoni, wala maji, wala dawa yoyote, ya hospitali au ya mti, maana aliyepoteza fahamu hunyongwa na kile alichotiliwa kwa huruma. Mitukutiko ikipita dakika 5, apelekwe hospitali mara moja.

Aidha, mwalimu wa Kiswahili hufundisha kila mwaka kwamba maana ya neno hutegemea muktadha. Somo hilo lisiishie katika ufahamu na ushairi. Na awaulize wanafunzi wake ni vitu gani nyumbani kwao huitwa dawa, na ni vipi hutumika kama dawa bila kuitwa hivyo. Orodha itakayoandikwa ubaoni itakuwa ndefu, na huenda katika darasa hilo akawamo mtoto ambaye jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, atamweleza mzazi wake kwamba kile kikombe cha asubuhi daktari naye anapaswa kukijua.